Farasi wa Baba Katika Theluji

Juzi nilimwita fundi wa rangi aje kunipakia sebule, maana kuta zilikuwa zimezeeka kuliko mimi. Kijana mpole, mwenye kupiga miluzi. Alishusha msalaba, akashusha picha ya harusi, akashusha kalenda ya parokia. Halafu akapanda tena ngazi, akashusha ule ubao mrefu uliokuwa juu ya mlango, akaugeuza huku na huku, akaupangusa kwa kiganja. "Mama, hii mbao nitupe? Haiko na kitu. Na chini iko na mikwaruzo."

Wee! Nilimfokea mpaka miluzi ikamkwama kooni. Nilimwambia auweke kitandani kwangu, taratibu, tena aoshe mikono kwanza. Mdogo wangu wa kiume alikuwapo. Alikuwa amekuja kutoka Mbuji-Mayi kutibiwa macho, ameketi na kahawa yake, mtu mzima mwenye wajukuu na tumbo lililomtangulia. Akacheka sana, akaniita dada mkubwa kwa neno letu. "Lakini Yaya, kweli kabisa, ile mbao iko na nini? Tangu tuko batoto munaibebaka tu."

Kati ya watu wote wa dunia hii, yeye ndiye aliyeuliza. Baba alikuwa ametukataza kumwambia. "Muache mutoto akomee bila deni," alisema, yaani akue bila deni, na Baba akisema jambo ulikuwa huna pa kupitia. Lakini Baba amekufa, Mama amekufa, Kaku naye, bibi yangu mzaa baba, alitangulia zamani, na huyo mtoto waliyekuwa wakimkinga sasa ana mvi kunishinda. Nikaona basi, yatosha. Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayokuandikia na wewe. Vuta kiti, kahawa bado ipo. Mimi ninaandika Kiswahili nilichochapwa fimbo na masista nikijue, lakini watu wangu nitawaacha waseme kama walivyosema; wakisema njo, wewe soma ndiyo au ndiye, wakisema kuya, soma kuja. Nikiwasahihisha hawatakuwa wao.

Tulikuwa tukikaa komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si ile nchi, wakati mji huu bado unaitwa Elisabethville na Katanga imejitenga, ina bendera yake na stempu zake. Baba alikuwa mchoraji wa vibao. Ukipita ukaona kibao cha kinyozi chenye kichwa kizuri cha mwanamume aliyechana nywele njia pembeni, ujue ni mkono wa Baba. Nyumba yetu ilinuka mafuta ya rangi upande wa mbele na bitoyo upande wa nyuma, maana Mama alikuwa hakosi ule samaki wa chumvi wa kuteremshia bukari, ugali wetu. Hadi leo nikisikia harufu ya rangi mbichi ninapata njaa. Kaku alilima matembele nyuma ya choo na kuwatukana kuku wa watu.

Sisi asili yetu ni Kasai, lakini jirani yetu alikuwa mtu wa huku huku, Mkatanga halisi, mfanyakazi wa reli. Mkewe alitengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mtamu kuliko wote wa mtaa, nasi watoto tulikuwa tunaramba kibuyu. Yeye na Baba walitaniana toka asubuhi. "Banya-Kasai ninyi, munapenda vitabu kuliko mabibi yenu!" Baba naye: "Na ninyi munapenda nini? Hata jina yenu hamuwezi kuandika!" Kisha wanacheka, wanakunywa kibuyu kimoja. Nakuambia haya ili ujue kwamba chuki haikuwa imezaliwa nyumbani kwetu. Ililetwa.

Mwaka huo alikuja Madame. Mama wa Kizungu, mwembamba, mwenye gari la kijani, aliyekuwa amekiona kibao cha Baba mjini. Alileta picha ndogo aliyoikata kwenye kalenda, farasi wa porini katika theluji ya kwao. Alitaka Baba amchoree kubwa, upana wa kitanda cha watu wawili, aitundike ukutani aiangalie akipatwa na hamu ya kwao. Farasi wawe kweli, alisema, si wa kitoto. Tena hakuna kamba, hakuna tandiko, hakuna fensi, hakuna mtu. Baba alikubali kabla hajamaliza kusema. Usiku Mama akamuuliza, "Na theluji umeionea wapi, weye?" Baba akasema theluji ni baridi tu, na baridi hata sisi tunayo.

Watu wengi wakisikia Afrika wanadhani ni jasho tupu. Waje Lubumbashi mwezi wa sita, alfajiri. Baba alinipandisha nyuma ya baiskeli, nimevikwa sweta la Mama, tukaenda hadi kwenye dembo, lile bonde la majimaji nyuma ya mji, kabla jua halijatoka. Majani yote yalikuwa meupe. Umande ulikuwa umeganda, ukiukanyaga unavunjika chini ya mguu. Baba alilala kifudifudi, shavu chini, akaniita nilale pia. "Tazama muzuri. Nyeupe haiko nyeupe. Huku chini iko buluu. Huku jua inakuya, iko kama maziwa." Jua lilipopanda kila kitu kiliyeyuka, ikabaki matope, nasi tukarudi nyumbani tunapiga chafya. Tulikwenda tena na tena, kila baridi iliposhika.

Farasi nao aliwachunguza wakiwa hai. Upande wa Karavia Wazungu walikuwa na klabu ya farasi, na Madame alimwombea ruhusa asimame nje ya fensi. Alisimama hapo siku nzima na penseli. Alimpenda mmoja hasa, wa kijivu, mkubwa, sikio la kushoto limechanika. Baba alisema huyo ana kiburi cha chifu aliyenyang'anywa kiti. Akamweka katikati ya picha, mbele ya wenzake, mvuke unamtoka puani, sikio lake lile lile limechanika. Alichora juu ya mbao za kasha kubwa la reli alizoziomba kwa jirani, akazipiga randa, akaziunganisha kwa gundi zikawa ubao mmoja.

Ilipokwisha, mtaa mzima ulikuja kuiona. Watu walivua kofia mlangoni. Jirani alisimama pale akasahau hata utani. Kaku alikuja wa mwisho, akasimama mbele ya weupe ule wote, akaanza kupiga vigelegele, machozi yanamtoka. "Moyo wenu," akawaamkia farasi kwa Kiluba cha Kasai. Maana kwetu nyeupe ya namna ile ni moja tu, pemba, udongo mweupe anaopakwa mama aliyezaa mapacha, mgonjwa aliyepona, mtu aliyeshinda kesi. Kaku aliona nchi nzima imepakwa pemba, na wanyama wakubwa wanatembea ndani ya baraka. Baba akamwambia, "Hapana, Mama, ile njo baridi." Kaku akamwangalia kwa huruma. "We njo ulichora, lakini haujue kile ulichora."

Madame alikuja kuichukua akiwa na haraka, gari limejaa masanduku hadi kwenye vioo. Alipoiona alijiziba mdomo kwa mkono. Akajaribu kuiingiza, haikuingia. Akasema atatuma mtu. Hakutuma mtu, na hatukumwona tena. Wazungu wengi waliondoka hivyo hivyo siku zile, wameacha mbwa amefungwa na sahani mezani.

Kisha likaanza lile la kuwinda watu. Lilianza kwa maneno, kama kawaida yake. Banya-Kasai warudi kwao. Banya-Kasai ndio wanaowaita askari wa kofia za buluu, wale wa Umoja wa Mataifa. Kinyozi wa kwenye kona, mtu wetu, walimtoa dukani kwake mchana kweupe, wakampiga kwa minyororo ya baiskeli chini ya kibao alichochora Baba, na kile kichwa kizuri kilichochana njia kikawa kinatazama. Mama alikuwa ametoka kununua makaa. Alirudi bila makaa, akatuingiza ndani, akafunga mlango. Kesho yake ziliungua nyumba za barabara ya nyuma. Majivu yalianguka kwenye matembele ya Kaku.

Jirani alikuja asubuhi na mkokoteni. Hakugonga. "Beko bakuya huku leo," alisema. "Mutoke sasa. Nitabasindikiza mpaka kambini." Kambi ilikuwa ile ya wakimbizi iliyoota yenyewe kwenye uwanja mtupu, kando ya askari wa kofia za buluu, maana watu wetu walikimbilia popote penye bunduki isiyowaelekea. Mama alipakia sufuria, unga, blanketi. Kaku alipakia jembe lake. Baba alipakia picha. Mama akamwuliza watoto watakaa wapi sasa. Baba akasema watoto wana miguu. Basi tukatoka hivyo, farasi wamelala juu ya mkokoteni wanatazama mbingu, mdogo wangu mgongoni kwa Mama, mimi nimeshika upindo wa kitenge cha Kaku.

Walitusimamisha karibu na reli. Kundi la wanaume, mapanga, minyororo, wengine wamekwisha kulewa. Jirani alitangulia mbele na kofia yake ya kazi. "Hii kintu iko ya Madame," aliwaambia. "Mukiharibu, museme na Bazungu." Wakaiangalia picha. Mmoja wao, naona hata leo meno yake, alicheka akauliza ni nani aliyeichora. Ee Baba yangu na kiburi chake! Angenyamaza tu. Angesema hajui. Aliinua kidevu akasema, "Ni mimi." Wakamshika mkono wa kulia, wakauweka juu ya chuma cha reli. Jirani alipiga magoti, akapiga kelele, akawaapia kwa mama yake mzazi, wakampiga teke la kifua. Mnyororo ulishuka na kupanda, ukashuka na kupanda. Nilikuwa sijui kwamba mfupa una sauti.

Walipochoka walituacha tupite. Jirani alisukuma mkokoteni mpaka mwisho, akitema damu njiani, hakusema neno la utani hata moja. Alitushusha penye mpaka wa kambi, akamfunga Baba mkono kwa fulana yake mwenyewe, akarudi nyumbani kifua wazi. Hatukumwona tena huyo naye. Nimemtafuta miaka yote tangu niliporudi mjini, nimeuliza kila mstaafu wa reli.

Vidole viwili vya Baba vilikufa palepale, kidole cha shahada na cha kati, vile vya kushikia brashi. Vilibaki vimejikunja mkononi mpaka tulipomzika.

Kambini tulijenga kibanda kwa magunia na mabati ya mapipa yaliyonyooshwa. Baba aliisimamisha picha ndani, upande wa upepo, akaifunika kwa koti lake la mvua, yeye mwenyewe akawa analowa. Mvua ilipoanza, uwanja wote uligeuka matope ya kinyesi. Miti yote ya karibu ilikuwa imekwisha kukatwa, na hata mizizi ilichimbwa ikachomwa. Na usidhani kwamba wabaya walibaki nje. Vijana wetu wenyewe walijifanya askari wa kambi, nao wana mapanga na minyororo ile ile. Wakimshuku mtu kuwa mpelelezi, walimhukumu asubuhi na kumuua kabla ya mchana. Kaku alinifunika uso kwa kitenge. Kitenge chake kilikuwa na matundu. Niliona mambo ambayo hata kwa padri sijayasema, na wewe sikuambii.

Usiku bunduki, mchana bunduki. Siku moja risasi ilitoboa gunia, ikatoboa koti, ikaingia kwenye mbingu ya picha, ikabaki humo. Baba alikaa akalichunguza lile tundu muda mrefu. Mama akamwambia afadhali tungeivunja tupikie. Ndipo Baba alipoinua ule mkono wake uliojikunja, akautia mbele ya uso wa Mama. "Huu si mukono tena. Ile mbao njo mukono yangu. Unataka kupika mukono ya bwana yako?"

Basi katika hali hiyo mdogo wangu akaanza kuvimba miguu. Kwanza tulifurahi, tukadhani ananenepa. Halafu nywele zikageuka rangi ya majani makavu, akaacha kucheka, akaacha kulia, akawa anatazama tu. Ukimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo. Mama alimbeba mpaka kwenye hema ya wauguzi, akapanga foleni toka alfajiri. Muuguzi, mwanamke mnene aliyechoka, alimtazama akasema, "Dawa yake ni nyama, mayai, maziwa. Mimi hapa niko na unga tu. Akikosa, Mama, usimbebe tena kuja huku. Kaa naye." Mama alirudi akatuambia maneno hayo kama yalivyo. Tangu siku hiyo hapakuwa na jambo jingine kibandani kwetu. Tulikuwa tukiamka tunatazama kama bado anapumua.

Kaku ndiye aliyefanya kitu. Baba alipotoka kutafuta maji, aliinua koti, akachukua kisu chake, akakwaruza theluji ya chini kabisa ya picha, akausaga ule unga mweupe kwenye kiganja na mafuta kidogo, akampaka mtoto paji la uso na kifua. Baba alipoingia na kuona mikwaruzo, alimpigia kelele mama yake mzazi. Hatukuwahi kusikia jambo kama hilo, na majirani walikuja kusimama nje. Kaku hakutikisika. "We unasema ile njo baridi. Mi nasema ile njo pemba. Mutoto akipona, utakuya kuniambia nani iko na haki."

Mtoto hakupona. Alizidi.

Kisha vikaja vita vyenyewe, vile vya mabomu. Mji wote ulitetemeka. Unga haukuja tena kambini, na aliyetoka nje kutafuta kuni hakurudi. Mabomu ya nani yaliangukia upande wa Karavia sijui hadi leo, kila mtu atakuambia ya mwenzake. Asubuhi moja, mvua imetulia kidogo, tulisikia kishindo ambacho si cha bunduki. Farasi walikuwa wamevunja fensi yao. Tuliwaona mbali, wanapita barabarani, mikia juu, hakuna kamba, hakuna tandiko, kama Madame alivyotaka. Wengine walikata kona wakapotelea mjini. Mmoja alikuja moja kwa moja kambini, anachechemea, paja limefunguka damu inamwagika, matope mpaka tumboni. Wa kijivu. Sikio la kushoto limechanika.

"Njo ye!" Baba alipiga kelele. "Njo ye, wa sikio!" Akaruka matope, akamfikia, akamwekea kiganja puani. Yule mnyama alisimama. Naapa alisimama. Labda alichoka tu, lakini mimi niliona amemjua. Alikuwa anatetemeka ngozi yote, na Baba anamwambia maneno ya taratibu ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuambiwa.

Watu walitoka vibandani. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Walitoka na mapanga, na visu, na vipande vya bati, wakazunguka. Baba akajiweka mbele ya kifua cha farasi, akanyosha mikono, ule mzima na ule uliokufa. "Musimupige! Huyu iko wangu! Mi njo nilimuchora!" Kijana mmoja akamwambia, baba, toka, watoto wetu wanakufa. Baba akarudia: mi njo nilimuchora. Wakamtandika bapa la panga mgongoni, akaanguka, akainuka, wakamtandika tena. Mwenye njaa hana miiko. Nilisoma methali hiyo baadaye shuleni, mwalimu akataka tuieleze, nikaomba ruhusa nikatoka nje.

Hapo Mama alipita. Alikuwa na beseni kichwani na kisu cha Kaku mkononi. Alimpita Baba pale chini matopeni, hakumtazama, akaingia katikati ya wanaume kwa viwiko.

Panga la kwanza lilimpata farasi shingoni. Hakulia kama nilivyodhani wanyama hulia. Alipiga magoti ya mbele, akajaribu kuinuka, na wote wakamwangukia. Walimkata kabla hajafa. Walikatana wenyewe kwa wenyewe, vidole vya watu vilianguka mle, mwanamke mmoja aliuma mkono wa mwanamume mpaka akaachia mfupa. Niliona sikio lile limekanyagwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, na pakabaki tope jekundu na kwato. Mama alitoka kwenye kundi, mkono umechanwa toka kiwiko hadi kiganja, beseni limejaa. Damu ilimtiririka kote, sikujua ipi yake na ipi ya farasi.

Akaweka beseni katikati ya kibanda. Nje mvua ilikuwa imerudi. Hatukuwa na kijiti kikavu, hakuna aliyekuwa nacho. Wengi walikuwa wanaitafuna mbichi, tuliwasikia. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya Kaku, macho nusu, na Mama alijaribu kumtilia kipande kidogo mdomoni, kikatoka chenyewe.

Mama alikaa tu, anashikilia mkono wake, anatazama ukutani, penye koti la mvua.

Baba aliingia anatambaa. Aliona beseni, akaona mtoto, akamwona Mama anatazama wapi. Akainuka. Akaondoa koti la mvua. Farasi wake wakatokea wote, na katikati yao yule wa sikio, mzima, mvuke unamtoka puani, wakati nyama yake iko hapa chini kwenye beseni. Baba alisimama mbele yao kidogo tu. Kisha akasema, "Leteni kashoka." Akalishika shoka kwa mkono wa kushoto.

Kaku ndiye aliyemzuia, si Mama. Alinyosha mguu wake mkavu akaukanyagia ubao wa chini kabisa, ule wa theluji tupu, wenye mikwaruzo yake. "Yote, mwanangu. Lakini pemba uniachie. Njo dawa ya mutoto." Baba akapasua gundi, akautoa ubao ule akampa. Hakubishana naye tena habari ya baridi.

Mbingu iliungua kwanza, na risasi yake ikabaki majivuni. Halafu milima, halafu migongo, halafu vichwa. Rangi ilifura, ikatoka malengelenge, ikatoa moshi mweusi unaonyonga. Baba alitia kila kipande kwa mkono wake mwenyewe, hakumruhusu mtu. Kile chenye sikio alikishika mpaka mwisho, na maji yalipoanza kupoa akakitia nacho. Nyama ilichemka mpaka jioni. Mama alimnywesha mtoto mchuzi kwa kijiko, tone tone. La kwanza lilitoka. La pili lilitoka. Akaendelea. Sijui ni la ngapi, koo likapanda na kushuka. Baadaye sana akanyosha kidole kidogo, akashika kijiko mwenyewe, na Mama akalia kwa sauti ambayo sikuisikia tena hata siku ya mazishi ya Baba.

Tukala na sisi. Nitakuambia ukweli: ilikuwa tamu. Tamu sana. Baba alikula analia, alikula mpaka akaramba mfupa. Miaka mingi baadaye, tumekwisha kurudi toka Kasai, alinivuta kando akaniambia jambo moja tu juu ya siku ile. "Kama ile nyama ingekuwa mubaya, pengine ningesahau."

Wa kofia za buluu waliotusafirisha baadaye kwenda Kasai walisema mtu na furushi lake tu. Kaku alijifunga ubao mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akapanda ndege pale Luano huku amekaa upande upande, na askari mmoja akamcheka. Kila wiki alikuwa anakwaruza kidogo na kumpaka mdogo wangu, hadi alipokuwa na miguu ya kukimbia. Alikufa anaamini ni pemba yake iliyoponya. Baba hakuwahi kumbishia.

Leo dembo lile limejaa nyumba za matofali, na mwezi wa sita sijaona tena majani yakiwa meupe, labda kwa sababu siamki tena alfajiri, labda kwa sababu majani yenyewe hayapo. Klabu ya farasi nimeitafuta, hata fensi hakuna. Vibao vya Baba vyote vimepakwa rangi nyingine juu. Munkoyo unauzwa kwenye chupa za plastiki, na hauna ladha ya mtu yeyote. Wala sikumbuki tena farasi walikuwa wangapi kwenye picha. Nimeishi nao miezi ile yote, na zaidi ya yule wa sikio na jike aliyekuwa nyuma yake, wengine wameniponyoka.

Nilipomaliza kusema, mdogo wangu hakucheka tena. Alikwenda chumbani, akarudi na ubao, akavaa miwani, akaushika karibu na dirisha. Alitia kidole gumba kwenye mikwaruzo, mmoja baada ya mwingine, polepole. Kahawa yake ilipoa. Kisha fundi akaingia na ndoo zake mbili, akauliza kama sebule aipake nyeupe, maana nyeupe ndiyo watu wanaipenda siku hizi.

"Tia rangi yoyote," mdogo wangu alimwambia, bila kuinua macho. "Lakini nyeupe hapana. Nyeupe tuko nayo."